Tupeane uzoefu: fiziotherapia baada ya mfupa kuunga

Mwanzisha mada, Morogoro
Ndugu zangu, naomba tuelezane yaliyofuata baada ya mfupa kuunga, kwa faida ya wanaopitia hali hii sasa. Mimi nilivunjika paja katika ajali ya bodaboda, nikawekewa chuma, na picha ya eksirei ilipoonyesha kwamba mfupa umeunga vizuri, ndugu zangu waliona nimepona, ilhali goti lilikuwa limekakamaa na msuli wa mbele wa paja umesinyaa kiasi cha kushindwa kuuinua mguu ukiwa umenyooka. Mtaalamu wa fiziotherapia alilipima goti, akanieleza kwamba kutembea kwenye sakafu kunahitaji likunjike takriban nyuzi 60, kupanda ngazi takriban 90, na kuchuchumaa chooni zaidi ya 110. Maelezo hayo yalinipa nguvu, kwa sababu nilijua ninachokitafuta. Nililala chali mkekani, kisigino kimevikwa soksi ili kiteleze, nikakivuta taratibu kuelekea makalioni hadi goti likaze, nikahesabu hadi kumi, kisha nikakirudisha.

Mchangiaji, Tanga
Mwanangu alivunjika kiwiko alipoanguka mwembeni. Hogo (plasta ngumu ya kushikilia mfupa) lilipoondolewa mkono haukunyooka, na wazee nyumbani, kwa nia njema kabisa, walitaka akandwe na kuvutwa. Mtaalamu alikataza, akatufafanulia kwamba kiwiko kilichoumia kikikandwa au kuvutwa kwa nguvu, mfupa unaweza kuota ndani ya msuli na kiungo kikakakamaa zaidi. Aliachwa akikunje na kukinyoosha mwenyewe, kwa kula kwa mkono huohuo, kuchana nywele na kuanika nguo zake kambani. Sasa unakaribia kunyooka kama mwenzake. Naomba wazazi wenzangu walizingatie sana jambo hili.

Mchangiaji, Mombasa
Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Tulifundishwa kwamba mkongojo hushikwa kwa mkono wa upande wa mguu mzima, kwa kuwa hapo ndipo unapoipunguzia mzigo misuli ya nyonga iliyoumia. Katika ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na ulioumia hutangulia kushuka. Kwa sasa anaswali akiwa amekaa kitini.

Mchangiaji, Dodoma
Je, mlitofautishaje maumivu ya kawaida ya mazoezi na yale ya hatari?

Mwanzisha mada, Morogoro
Nilielekezwa kwamba maumivu yanayotulia muda mfupi baada ya zoezi yanavumilika, lakini yakiendelea hadi kesho yake, au goti likivimba na kuwa la moto, nipunguze zoezi na kumweleza mtaalamu. Shavu la mguu likivimba ghafla na kuuma, usilisugue wala usisubiri siku ya kliniki; nenda hospitali mara moja, kwani huenda damu imeganda ndani ya mshipa.