Miaka miwili tu Marekani, Kiswahili kimekwenda wapi?

Kapuku wa Tandika:
Wakuu, tujadili bila matusi. Binamu yangu aliondoka hapa Februari 2023 akiongea kama sisi wote wa Tandika. Karudi juzi kutoka Minnesota, simwelewi. Harusini kapewa maiki, kasimama, kasema, "Nawashukuru nyote, mmefanya siku yangu." Wazee wakatazamana. Mmefanya siku yangu ndiyo nini? Na hiyo "r" yake anaizungusha mdomoni kama ana pipi. Mtu kakinyonya Kiswahili miaka 27, miwili inatosha kukitoa? Mimi nasema maringo. Mwenye hoja alete.

Bi Mkubwa Temeke:
Maringo matupu. Jirani yangu alikwenda Guangzhou wiki tatu kufuata mzigo, karudi anasalimia kwa kuinamisha kichwa. Wiki tatu!

Mbeba Boksi:
Kapuku, wewe hujavuka hata Horohoro, ndiyo maana. Mimi nina mwaka wa tisa huku. Mwanzoni niliomba maji ya kunywa kwa Kiingereza chetu cha shule ya msingi, mhudumu hakuelewa. Nikarudia mara tatu, watu nyuma yangu wanaguna. Mara ya nne nikatamka kama wao, maji yakaja. Ukifanyiwa hivyo kila siku, ulimi unahama wenyewe, na ukirudi nyumbani hauna swichi ya kuuzima. Tena kuna watafiti waliwarekodi watu kumi na mmoja waliofungiwa pamoja kituoni Antaktika msimu mzima wa baridi. Miezi tu, mkuu, na vipimo vikaonyesha irabu zao zimeanza kusogea. Wale walikuwa wanamringia nani, barafu? Halafu hiyo "mwisho wa siku" unayoiandika humu kila leo, unadhani umeirithi kwa babu yako? Ni Kiingereza hicho hicho, na hujapanda ndege.

Kapuku wa Tandika:
Horohoro nimevuka mara mbili kufuata mitumba Mombasa, usinidharau. Na "mwisho wa siku" wanasema hata wabunge. Halafu huko Antaktika kuna Waswahili?

Bint Mkunazini:
Mie n'nacheka tu. Watu wa Bara mwalilia lafudhi, kwani mlikuwa nayo? Mtu ataka kalamu asema "karamu", watu wakae wangoje pilau. Leo atwambia binamu yake kaharibika.

Ngosha:
Dada, hapo umetugusa watu wa Kanda ya Ziwa na umetugusa pabaya. Kiswahili hiki kimeenea nchi nzima kwa sababu sisi wa "karamu" tulikubali kujifunza. Tungengoja Mkunazini mtufundishe, mpaka leo tungekuwa tunaongea kwa ishara. Na nyie "skuli" mmeitoa wapi kama si kwa Mwingereza? Sisi tunasema shule, neno safi.

Bint Mkunazini:
Hilo neno safi lako ni la Mjerumani, kaka. Schule. Kakuachieni pamoja na reli.

Ngosha:
Angalau yeye alijenga reli. Jibu la skuli.

Mwana wa Kibokoni:
Nyote wawili mwagombania mali ya wizi. Mkutano wa kuchagua Kiswahili kipi kiwe sanifu ulifanyika kwetu Mombasa mwaka 1928. Wageni tukawakaribisha, wakakaa, wakainuka wamechagua Kiunguja. Hadi leo nikimwita mtoto wa Nairobi "ndoo hapa", aniletea ndoo ya maji.

Bi Mkubwa Temeke:
😂😂 Ndoo ya maji nimeipenda.

Mjukuu wa Maskati:
Salaam aleikum. Nataka kurudi kwenye suala la mwenye mada. Mimi nimezaliwa Maskati. Bibi yangu aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi, akafika Oman miaka ya sabini, Sultan Qaboos alipokwishafungua milango. Nyumbani tumelelewa na Kiswahili alichokuja nacho sandukuni. Mara yangu ya kwanza Unguja nilisimama Darajani nikauliza motokari ya Bububu yapakia wapi. Kijana wa pale alicheka mpaka akakaa chini, akawaita wenzake waje wanisikilize, akanambia naongea kama marehemu nyanya yake. Sasa kwetu huku nje ndiko kilikoganda, huko ndani ndiko kilikobadilika. Kapuku, na hayo ni maringo?

Ngosha:
Dada wa Maskati, pole na safari, lakini motokari nayo ni Kiingereza. Mnaona sasa? Pwani nzima wamekopa, halafu wanatucheka sisi na herufi moja.

Mbeba Boksi:
Mtu kaleta hoja nzuri kuliko zote humu, mmeona motokari tu. Na ile ya Antaktika hakuna aliyeijibu.

Mwana wa Kibokoni:
Antaktika achana nayo, huko hata samaki hakaangwi.

Kapuku wa Tandika:
Jamani, kisa changu sikukimaliza. Jumatatu binamu kamwagiza dereva wa bajaji, "Nifuate saa nane, usichelewe, nina miadi mjini." Kaamka mapema, kapiga suti, kaketi barazani. Mara asimame achungulie njiani, mara apige simu, ya dereva imezimwa. Jua likampata hapo hapo, koti akavua. Saa nane mchana bajaji ikaingia, dereva anachokonoa meno, katoka kula. Ugomvi! Dereva anasema, "Bosi, si umesema saa nane?" Binamu anamsukumia simu usoni: "Nane! Soma! Nane kamili asubuhi!" Akaonyeshwa 8:00 kweli, na dereva akamjibu kwa upole, "Hiyo ni saa mbili, bosi. Wewe umezaliwa wapi?"

Bint Mkunazini:
Ya Rabi. Kapoteza saa zote sita!

Mbeba Boksi:
Hapo sina utetezi. Saa zangu mimi hubadilisha ndege ikishatua, kabla ya mkanda.

Bi Mkubwa Temeke:
Dereva alilipwa?

Kapuku wa Tandika:
Binamu anasema hatoi hata mia. Dereva kaja tena leo asubuhi, yuko hapo nje na mama anamchemshia chai.

Bi Mkubwa Temeke:
Alipwe. Saa nane ni saa nane.

Ngosha:
Bint Mkunazini, nimekaa hapa nasubiri. La skuli hujanijibu.