Wasanii wahamiaji wa London: tuwaenzi kwa asili yao au kwa kazi yao?

SWALI: Mkaazi wa Kusini

Ndugu wanajukwaa, salaam. Chama chetu cha Waswahili hapa London kimeombwa na maktaba ya mtaa kuandaa jioni ya kuwaenzi wasanii waliohamia jijini kutoka nchi mbalimbali. Kamati imekwisha kupendekeza ngoma, mavazi na vyakula, kila nchi ikiwa na meza na bendera yake. Sipingi furaha hiyo hata kidogo. Hofu yangu ni kwamba mchoraji aliyeishi hapa karibu maisha yake yote atasimamishwa kando ya bendera ya nchi aliyoiacha akiwa mtoto, na hakuna atakayemuuliza anachora nini, anakichoraje, wala yeye na jiji hili wamebadilishana nini katika miaka hiyo yote. Mngeshauri tuipange vipi jioni hiyo?

JIBU: Mwalimu wa Historia

Ndugu muulizaji, hofu yako ina msingi, lakini usiidharau ngoma kabla ya kutazama ilikotoka. Mwaka 1958, mtaani Notting Hill, makundi ya vijana wa Kizungu yaliwashambulia wahamiaji wa Karibi mabarabarani na majumbani mwao. Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad ambaye Marekani ilikuwa imemfukuza mwaka 1955 kwa sababu ya siasa zake za kikomunisti, na ambaye wakati huo alikuwa akihariri gazeti la wahamiaji huko Brixton, alijibu kwa kuandaa kanivali. Aliifanyia ndani ya ukumbi wa manispaa wa St Pancras, tarehe 30 Januari 1959, kwa kuwa kanivali ya Karibi huchezwa kabla ya Kwaresima na majira hayo London ni baridi kali. Sehemu ya mapato ilikusudiwa kusaidia kulipa faini za vijana, weusi kwa weupe, waliotiwa hatiani kutokana na ghasia zile.

Kuitoa kanivali nje, hadi barabarani, kulikuja baadaye. Mwaka 1966 Rhaune Laslett aliandaa tamasha la mtaa kwa ajili ya watoto wa Notting Hill, na bendi ya ngoma za chuma ya Russell Henderson ikaanza kutembea huku ikipiga, wakazi wakiifuata nyuma. Sherehe zile zilikuwa na kazi ya kufanya, nazo zilifanywa na watu waliojua wanamfanyia nani. Iulizeni kamati yenu swali hilo kwanza, kisha mjadili vyakula.

JIBU: Binti wa Mkunazini

Nakubaliana na Mwalimu, ila ningependa tutazame pia mahali kazi ya msanii inapotundikwa, kwa sababu hapo ndipo heshima au dharau huonekana bila kutamkwa. Mchoraji Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akafiwa na baba angali mchanga, na mama yake, aliyekuwa mbunifu wa vitambaa, akampeleka London. Mwaka 1985 alikusanya kazi za wanawake 11 weusi na wa asili ya Asia katika taasisi ya sanaa ya kisasa ya ICA, kwenye barabara iendayo kasri la Buckingham, na nafasi waliyopewa ilikuwa ukuta wa ujia ambamo wageni walipita wakielekea kwingine. Yeye akaupa ujia huo mwembamba nafasi katika jina lenyewe la maonyesho: The Thin Black Line, yaani Mstari Mwembamba Mweusi. Ilimlazimu kusubiri hadi 2017, mwaka ambao masharti ya umri katika Tuzo ya Turner, tuzo mashuhuri ya sanaa ya Uingereza, yaliondolewa, ndipo akaipata akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipokea.

Sisi tuliokulia pwani tunaziona picha zake kwa jicho la ziada. Baadhi amezijenga kama kanga, zenye pindo, mji na maneno yake, na mtu aliyezoea kuisoma kanga begani mwa mama yake hahitaji kuelezwa kwamba maneno yale yanamlenga mtu fulani. Hata hivyo mada zake ni historia ya Ulaya, biashara ya watumwa, na watumishi weusi waliochorwa pembeni mwa picha za matajiri. Ukimweka mezani penye bendera ya Zanzibar peke yake, utakuwa umeificha nusu kubwa ya anachosema, na nusu hiyo inaihusu Uingereza yenyewe.

JIBU: Mfinyanzi

Naongezea mfano kutoka fani yangu. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaja Uingereza mwaka 1971, na baadaye akasoma katika Royal College of Art hapa London. Vyombo vyake hajengi kwa gurudumu. Huvipandisha kwa mkono, huvisugua hadi ving'ae bila kuvipaka rangi ya kioo, na tanuri likipata hewa ya kutosha hutoka na wekundu wa machungwa, likinyimwa hewa hutoka vyeusi. Mkono huo aliunoa Abuja, Nigeria, miongoni mwa wanawake wafinyanzi wa Kigbari. Kwa hiyo Mkenya huyu alijifunza ufinyanzi wa Kiafrika baada ya kufika Uingereza. Meza ya nchi moja ingemwekaje? Pendekezo langu ni meza za fani: udongo, kitambaa, sauti, maandishi. Wasanii wa nchi tofauti wakae pamoja wakionyeshana mikono inavyofanya kazi.

JIBU: Mzee wa Hackney

Naomba nitofautiane kidogo na vijana wangu. Bendera zibaki, hata kama ni ndogo, kwa sababu wapo wazee ambao hakuna aliyewahi kuwauliza wametoka wapi kwa nia njema. Lakini shukrani ya kupigiwa makofi haimlipii msanii kodi ya chumba cha kazi. Wasanii wa jiji hili walihangaikia jambo hilo zamani: shirika la SPACE lilianzishwa mwaka 1968 na lile la Acme mwaka 1972, wakigeuza maghala na nyumba tupu kuwa karakana, na hadi leo nafasi za namna hiyo zina foleni. Mchoraji Frank Bowling, aliyefika kutoka Guyana mwaka 1953, alifanyiwa maonyesho makubwa na jumba la sanaa la Tate Britain mwaka 2019, umri ukiwa miaka 85. Ni wangapi hawakuishi hadi umri huo?

Kwa hiyo waambieni maktaba mambo mawili kabla ya kuchapisha tangazo. Kila msanii alipwe kwa kuja kwake, asiambiwe kwamba anajitangaza. Na maktaba inunue angalau kazi moja iitundike ukumbini, si kwenye ujia.

MUULIZAJI

Shukrani, Mzee wangu, nanyi nyote. Nitapeleka pendekezo la meza za fani pamoja na masharti hayo mawili kwenye kikao kijacho. Kama yupo humu mwenye vifaa vya kurekodi sauti, nitashukuru akiniandikia, maana ningependa wasanii wazee wahojiwe kwa lugha zao na mazungumzo hayo yabaki maktaba.