Moduleta ya delta-sigma ya daraja la tatu: kwa nini integreta zinafurika?

Fundi wa Jinja
Ndugu wataalamu, naomba msaada. Ninaunda kibadilishi cha sauti kutoka dijitali kwenda analogi kwa moduleta ya delta-sigma, yaani saketi ya mrejesho inayotoa thamani chache kwa kasi kubwa na kusukuma kelele nje ya masafa ya sauti, kitakachotumika kusikilizia ngoma tunazorekodi hapa. Kasi ya sampuli ni MHz 3.072, yaani mara 64 ya kHz 48, na kwantaiza, yaani kiungo kinachokadiria kila thamani kwa ngazi chache, ni ya biti moja. Daraja la pili, yaani lenye integreta (vijumlishi) mbili, linafanya kazi vizuri. Nilipopanda hadi la tatu, nikiweka sifuri zote tatu za kichujio cha kelele (masafa ambayo kichujio huzima kelele) kwenye hezi 0 na poli zote (pointi zinazoamua jinsi mwitikio unavyofifia) kwenye kitovu cha ndege ya namba changamano, integreta ya mwisho ilifurika hata bila sauti kuingizwa, na matokeo yakawa mfululizo mrefu wa 1 ukifuatwa na mfululizo mrefu wa 0. Kihesabu, poli zote zimo ndani ya duara la kizio (lenye nusu kipenyo 1), hivyo mfumo ungepaswa kutulia. Kasoro iko wapi?

Mwalimu wa Saketi, Kampala
Ndugu Fundi, hesabu yako ni sahihi, ila inaichukulia kwantaiza kama kiungo kinachoongeza kelele tu. Kwantaiza ya biti moja hutoa +1 au −1 hata ikiingiziwa 10. Kwa hiyo kadiri mawimbi ya ndani yanavyokua, ndivyo ukuzaji wake unavyopungua na mrejesho kudhoofika, na kitanzi cha daraja la tatu hakistahimili udhaifu huo. Kipime kichujio chako kwenye nusu ya kasi ya sampuli: kinakuza kelele mara 8. Kanuni ya Lee inashauri ukuzaji huo usizidi takriban 1.5.

Zitoe poli kwenye kitovu, uziweke kwenye 0.669 na kwenye jozi ya 0.765 ± 0.279j, ukuzaji utashuka hadi 1.5. Gharama haikwepeki, kwa sababu wastani wa logarithimu ya ukuzaji wa kichujio hiki katika masafa yote ni sifuri, hivyo kelele iliyozuiwa kupanda juu haiwezi kushuka sana kwenye masafa ya sauti. Sehemu ya hasara hiyo hurudi ukiacha sifuri moja kwenye hezi 0 na kuzipeleka mbili karibu na kHz 18.6: kelele ndani ya upana wa kHz 24 hupungua kwa takriban desibeli 8.

Msomaji wa Mbarara
Naunga mkono, kwa tahadhari moja: kanuni ya Lee ni mwongozo, si uthibitisho. Daraja la pili la Ndugu Fundi lenyewe hukuza mara 4, na bado linatulia. Kipimo cha kuaminika ni kuiga moduleta kwenye kompyuta kwa sampuli milioni kadhaa, ukiongeza sauti kidogo kidogo hadi ivunjike.

Fundi wa Jinja
Nashukuru sana, Mwalimu. Kwa poli hizo mfumo umetulia, isipokuwa engalabi (ngoma ndefu) inapopigwa kwa nguvu: integreta hufurika, na hazirudi hata baada ya pigo kupita.

Mwalimu wa Saketi, Kampala
Pigo hilo limevuka kiwango ambacho moduleta inaweza kukibeba, na kwa biti moja kiwango hicho huwa chini ya kipimo kamili, yaani thamani kubwa kabisa ambayo kwantaiza hutoa. Ipunguze sauti hadi nusu kabla haijaingia, kisha wekea kila integreta kikomo cha juu na cha chini, ili ikifika hapo isiendelee kukua, au irudishwe sifuri. Bila ulinzi huo nisingethubutu kuunganisha spika.

Ukiwa na nafasi kwenye saketi, tumia kwantaiza ya ngazi 16. Hapo uthabiti unathibitika kwa kalamu: jumla ya thamani halisi za mwitikio wa kichujio chako cha kwanza, 1, 3, 3 na 1, ni 8, ngazi 16 zina hatua 15, na 15 + 2 − 8 ni 9. Maadamu sauti haizidi 9 kati ya 15, yaani asilimia 60 ya kipimo kamili, kwantaiza haitazidiwa kamwe, hata poli zikibaki kwenye kitovu.