Dole langu la WhatsApp limegeuzwa shahidi kwenye rufaa ya wale jamaa

Mpika_Zamu

Wakuu, nimetoka sasa hivi kwenye kikao cha rufaa ya mabosi wangu wa mgahawani, pale Seattle Municipal Tower, jengo la ofisi za jiji huku Seattle, Marekani. Niko kwenye treni, mikono bado inanitetemeka. Siwataji jina. Aliyewahi kukaanga chochote kwa malipo katika jiji hili anawajua.

Jiji liliwakuta na makosa ya ratiba, likawaandikia amri: watulipe malipo yetu, riba juu, na faini juu ya riba. Wakakata rufaa ndani ya zile siku 15. Hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni dole.

Wakili wao kasimama, kawasha skrini ukubwa wa jokofu, na ndani ya skrini hakuna kitu ila dole langu gumba. Lile la manjano la WhatsApp. Akamwambia msikiliza rufaa: "Kama unavyoona, mfanyakazi aliitikia kwa shauku."

KWA SHAUKU.

Usiku ule nilifunga saa 7. Nipo kituoni nasubiri basi, meneja akaandika: "Kesho wewe unafungua, saa 11. Umeona?" Nikaweka dole. Nimeona! Si kaniuliza kama nimeona? Saa 7 usiku mpaka saa 11 alfajiri, mtu mwenye shauku na hilo hajazaliwa, na mama yake hata hajaposwa. Nilifika nyumbani, nikavua kiatu kimoja, muda ukawa umeisha, nikakivaa tena.

Na ratiba ilishabandikwa zamani, siku hiyo inaonyesha sina kazi. Sheria ya hapa tangu Julai 2017 inataka ratiba itoke siku 14 kabla. Ukiongezewa saa baada ya hapo, unalipwa na saa moja juu. Ukipunguziwa, unalipwa nusu ya zile ulizokatwa. Mwanya uliopo ni kwamba mwenzenu akikosekana, bosi anaweza kutangazia watu wote kuwa kuna saa za ziada, na anayetaka mwenyewe azichukue. Wakili akajichomeka hapo hapo. Picha wameikata, swali la meneja halionekani, limebaki dole peke yake linaelea hewani, eti nilijitolea. Tangazo la watu wote gani linaanza na "kesho wewe"?

Upande wa jiji ukaleta ujumbe mzima, ukasomwa. Mnadhani aliona aibu? Akarudia tena, macho makavu: kwa shauku. Na meneja kaketi nyuma anatikisa kichwa kuitikia, meneja yule yule tuliyemchangia harusi ya mwanawe! Mkono huu nimeungulia mafuta yao. Leo dole la mkono huo huo wamelipandisha kizimbani linisaliti mimi.

Sitaki mawaidha. Nataka wa kunisaidia kutukana. Mods msiunganishe uzi huu na mwingine.

Chai_ya_Rangi

Pole dada. "Kwa shauku" imenifanya nishuke kituo ambacho si changu 😂😂

Kaka_wa_Kent

Dada yangu, wewe dole unaweka hata kwenye matangazo ya misiba. Mzee wa watu alipofariki kwenye grupu letu wa kwanza kuweka dole ulikuwa wewe. Ile nayo ilikuwa shauku?

Mpika_Zamu

Usiniletee misiba hapa. Mtu kasimama mbele ya watu wazima, mashahidi wameapishwa, halafu anasema KWA SHAUKU. Hicho ndicho tunachozungumza.

Sheria_Mkononi

Shusha presha kwanza. Hata ungekubali kwa kuimba na kupiga vigelegele, kati ya kufunga na kufungua unatakiwa upate saa 10 za kupumzika. Saa ulizofanya kazi ndani ya hizo 10 zinalipwa mara moja na nusu, umeridhia au hukuridhia. Dole halifiki hapo. Lingine: wakianza kukukata saa au kukuandama ndani ya siku 90 baada ya wewe kudai haki yako, sheria inahesabu ni kisasi mpaka wao wathibitishe vingine. Skrinshoti zote weka pembeni, tena si kwenye simu ya kazini.

Mpika_Zamu

Asante mkuu. Ila hukuwepo ukaliona lilivyokuwa kubwa pale ukutani.

Bronx_Mswahili

Huku New York kwenye migahawa ya chakula cha haraka mapumziko hayo ni ya saa 11, na ukifunga na kufungua chini ya hapo uwe umekubali kwa maandishi na bado wanakupa dola 100. Mwaka 2022 Chipotle walipatana na jiji kwa zaidi ya dola milioni 20. Nyie mko bize na dole.

Kaka_wa_Kent

Watu wa New York hata uzi wa jino kuuma mtatuambia la kwenu linauma zaidi.

Mlezi_wa_Wazee

Wa migahawa mnalalamika na sheria mnayo! Hiyo ni ya maduka na migahawa mikubwa tu, yenye watu 500 na kuendelea. Sisi wa nyumba za wazee hatumo. Jana nipo mlangoni kwangu, funguo mkononi, simu inaita: rudi, mwenzako hajaja. Nimegeuza. Mimi hata pa kukatia rufaa sina.

Kaunta_Tukwila

Mimi je? Duka letu liko Tukwila, jiji jingine, sheria ya Seattle haivuki mpaka. Ratiba ya Jumatatu asubuhi naletewa Jumapili usiku, na nikiuliza naambiwa nionyeshe moyo wa kujituma.

Mlinzi_Ubungo

Nawasoma kutoka Dar. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi saa 12 mfululizo za kupumzika kila siku. Nyie na Seattle yenu 10. Tuheshimuni kidogo.

Chai_ya_Rangi

Na wewe unazipata?

Mlinzi_Ubungo

Nipo lindoni tangu jana mkuu. Bosi anasema wa kunipokea yuko njiani anatokea Kibaha. Kibaha hiyo hiyo ninayoijua mimi? Angekuwa anatambaa angeshafika.

Kaunta_Tukwila

Hahaha pole sana. Na posho ya usiku wanakupa?

Mlinzi_Ubungo

Wananipa tochi.

Mpika_Zamu

Jamani, uzi ni wa dole.

Mlezi_wa_Wazee

Afadhali tochi. Huku kuna wakala mmoja wa walezi, anakufutia zamu ukiwa umeshafika na maegesho umeshalipia. Halafu anakuandikia "barikiwa".

Kaka_wa_Kent

Yule mama wa Federal Way?

Mlezi_wa_Wazee

Huyo huyo.

Kaunta_Tukwila

Alimkata mke wangu hela ya sare, na sare hajampa mpaka kesho.

Chai_ya_Rangi

Kumbe tuko wengi! Mlezi, fungua uzi wake sasa hivi, tunahamia huko wote.