AMEKOROGA KOKTELI YANGU KWA UFUNGUO WA GARI. Sijalala.

KijikoKirefu (mleta mada)

Wakuu, saa nane na dakika arobaini usiku. Wageni wameondoka. Jagi liko mezani linanitazama, nami nalitazama, hakuna anayetaka kuanza kuongea.

Sitataja jina. Mnamjua. Yule wa "nipo njiani" ilhali hata maji ya kuoga hajabandika. Yule ambaye bili ikifika mezani simu yake inaita, tena anaongea nayo akitembea kuelekea mlangoni. Huyo huyo, msijifanye mnafikiria.

Nilisema mwaka huu na mimi niwaalike watu kistaarabu. Watu 10, kokteli, mziki wa chini chini, kila mtu glasi mbili akienda kulala anamkumbuka mwenyeji kwa wema. Nikachagua negroni kwa sababu haina mapepe: jini (ile pombe kali, gin), Campari (pombe nyekundu chungu) na vemuthi nyekundu (mvinyo wenye viungo), sawa kwa sawa kwa sawa. Mililita 30 kila kimoja kwa glasi moja. Glasi 20, kwa hiyo mililita 600 kila chupa. Nikaongeza mililita 400 za maji, maana ukikoroga kwa barafu ile barafu inayeyuka na maji yake ni sehemu ya kinywaji. Ukitengeneza jagi zima mapema lazima uyaweke mwenyewe. Likalala kwenye friji usiku kucha. Barafu nayo nimeigandisha siku nzima kwenye boksi la kupozea lililo wazi juu, ili igande kutoka juu kwenda chini, mapovu yote yabaki kitakoni nikate nitupe. Imetoka angavu kama kioo cha saa. Mabonge makubwa, yasiyeyuke upesi. Nimekata kwa kisu cha mkate, nusura niache kidole.

Basi nimeingia jikoni kuchonga maganda ya chungwa. Dakika mbili. Wallahi mbili. Narudi namkuta amesimama juu ya jagi, mkono wa kushoto chupa ya soda ya machungwa ya lita mbili, TUPU, mkono wa kulia ufunguo wa gari, na huo ufunguo UMO NDANI YA JAGI. Anakoroga.

Kwa ufunguo. Wa gari.

Namuuliza unafanya nini. Ananijibu, na naomba msome taratibu: "Nimekusaidia, ilikuwa kali."

Jamani, ule ufunguo una ule mkia wa ngozi. Mkia nao umezama. Ule mkia ameushika miaka sita bila kuuosha, akitoka kubadilisha tairi, akitoka msalani, akitoka popote. Na kwa kuwa ni ufunguo wa vitufe, kila akizungusha gari huko nje linalia pii pii. Zungusha, pii. Zungusha, pii pii. Majirani wamewasha taa. Mbwa wa mtaa mzima wameamka wakidhani ni mwisho wa dunia, na hawakukosea sana.

Halafu akautoa, akaulamba, akasema "sasa imekaa sawa."

AKAULAMBA.

Hiki kinywaji kinasimuliwa kilianzia Florence, Italia, mwaka 1919, bwana mmoja wa cheo, Camillo Negroni, alipomwambia mhudumu atoe maji ya soda kwenye kinywaji chake aweke jini. ATOE SODA. Mtu alihangaika zaidi ya miaka 100 iliyopita kuitoa soda humo, leo mwingine anairudisha, ya machungwa, yenye sukari, na kuipigilia kwa ufunguo.

Sina swali. Nimeandika tu.

Nyundo_Baridi

Nimevuta kiti. Endelea mkuu.

Mchovu wa Zamani

Kwa hiyo mkuu unafuga jini kwenye friji, halafu unalalamika mgeni kaja na chuma? Si ndivyo majini yanavyotolewa?

KijikoKirefu

Mchovu, usianze. Ni jini la chupa.

Mchovu wa Zamani

Yote huwa ya chupa, mkuu.

SinaDeni

Bila picha ya ufunguo hii ni chai.

mama_wawili

Mimi nimekwama kwenye jina lako. Unajiita KijikoKirefu, umealika watu 10, umeweka jagi mezani, na kijiko hukuweka. Sasa kaka yangu, angekoroga kwa nini? Kwa dua?

KijikoKirefu

Dada yangu, kijiko nilikuwa nacho mkononi jikoni! Na lile jagi halikuhitaji kukorogwa! Lilishakorogwa jana! Ndiyo maana ya kulitengeneza mapema!

mama_wawili

Hahahaha haya. Alama nne za mshangao saa nane usiku. Kanywe maji.

Bita_Tone_Moja

Tuweke mambo sawa kitaalamu. Kinywaji kisicho na juisi hukorogwa, chenye juisi ya ndimu au limau hutikiswa. Negroni haina juisi, hukorogwa. Kwa hiyo kwenye kitendo mgeni alipatia. Alipokosea ni kwenye kifaa.

Nyundo_Baridi

Alipokosea ni kwenye KIFAA, hahahaha, nimekufa mimi.

Bita_Tone_Moja

Sijamaliza. Campari, vemuthi na maji ya soda inaitwa Americano. Ndicho kinywaji ambacho Negroni alikibadilisha. Mgeni wako amekirudisha kwenye asili yake. Huyo ni mwanahistoria.

KijikoKirefu

Soda ya machungwa siyo maji ya soda! Na mwanahistoria gani anaulamba ufunguo?

Mzee wa Kona

Kijana, mwaka 1806 gazeti moja la Marekani liliulizwa na msomaji kokteli ni kitu gani. Likajibu: pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji na bita (yale matone machungu ya viungo). Vitu vinne. Nimehesabu mara mbili, ufunguo haumo.

KijikoKirefu

ASANTE MZEE.

Mzee wa Kona

Ila sukari imo. Soda ina sukari. Mwache.

Chumvi Ukingoni

Swali dogo, na nisijibiwe kwa hasira. Hiyo vemuthi ilikuwa imefunguliwa lini na ilikaa wapi? Maana wengi mnaiweka kabatini miezi minane pamoja na jini mkidhani ni ndugu. Vemuthi ni mvinyo. Ikifunguliwa inakaa friji na bado inachakaa polepole. Huenda mgeni alionja siki akaamua kuokoa jahazi.

KijikoKirefu

Niliifungua JUZI kwa ajili ya pati. Iko friji. Mbona kesi imegeuka, mimi ndiye mshtakiwa?

Chumvi Ukingoni

Nauliza tu. Hasira hiyo ina kitu.

Nyundo_Baridi

Watu wengine walikunywa au hawakunywa? Hilo hujasema.

KijikoKirefu

...

Walikunywa.

Nyundo_Baridi

Wangapi?

KijikoKirefu

Wote. Walisema imekaa sawa.

SinaDeni

Hahahahahaha UZI UFUNGWE.

Mchovu wa Zamani

Kwa hiyo jagi liliisha? Umesema liko mezani linakutazama. Linakutazama likiwa tupu?

KijikoKirefu

Tupu. Na mmoja aliuliza kama nitawapa resipe. Ya ufunguo.

MajiYaMtungi

Samahani niingie hapa, maana nyie mnalilia ufunguo wakati wengine tunalia miaka. Sisi tusiokunywa pombe. Tukija kwenye hizi pati zenu mnafanya hivi: wenzetu wanapewa glasi yenye mguu, ganda la chungwa limejikunja kama nywele za bibi harusi, barafu angavu. Mimi napewa kikombe cha plastiki, maji ya bomba, na "pole, nilisahau wewe hunywi." Umesahau vipi, nimekujua miaka kumi na moja! Nimekunywa LINI?

Bita_Tone_Moja

Dada, hiyo ni rahisi. Maji ya soda, matone ya bita, ganda la limau. Imeisha hiyo, yenye hadhi kabisa.

MajiYaMtungi

Kaka, umesoma chupa ya bita? Ile ya Angostura ni asilimia 44.7 ya pombe. Inazidi jini nyingi. Najua ni matone, lakini asiyekunywa hanywi, na hukuniuliza. Hili ndilo ninalosema!

Bita_Tone_Moja

Nimenyamaza.

MajiYaMtungi

Toniki (ile soda chungu), juisi ya ndimu iliyokamuliwa siku hiyo hiyo, majani ya minti, barafu ile ile ya wenzangu. Ule uchungu wa toniki unatoka kwenye kwinini, unaonesha heshima, haunifanyi mtoto. Kwenye glasi yenye MGUU. Naomba mguu tu.

mama_wawili

Mdogo wangu umenigusa. Mimi nikiwa na mimba ya wa pili nilipewa juisi yenye kirija cha dubu. Kirija cha dubu, na miaka yangu 34.

KijikoKirefu

Jamani poleni, ila tulikuwa kwenye ufunguo.

Sheka Sheka

Bora nyie mlioalikwa mkapewa chochote. Mimi nina rafiki naye mnamjua, amenunua lile kopo la kutikisia, amejifunza mwenyewe, sasa anatikisa glasi moja moja kwa watu 14. Kila moja sekunde 15, kabla yake hotuba ya dakika saba. Ya kwangu ilifika saa nne na nusu, wa kwanza kuhudumiwa alikuwa ameshaenda kwao, amelala, na nadhani ameota. Tena kopo liligoma kufunguka likapita la mkono kwa mkono kama maiti ya mtu maarufu, kila mwanamume anasema "hebu lete."

Mzee wa Kona

Chuma kikipoa husinyaa na hewa ya ndani nayo husinyaa, kopo linajibana lenyewe. Unaligonga ubavuni kwa kiganja, si kulivuta. Wanaume hatusikii.

Sheka Sheka

Mzee ulikuwa wapi siku ile.

Mzee wa Kona

Nilikuwa wa 13 kwenye foleni.

Nyundo_Baridi

Hahahaha mzee na wewe ulikuwepo!

GlasiSaba

Naomba niseme langu kisha niende. Nilimwazima mtu glasi zangu 12 kwa ajili ya pati yake. Kumi na mbili, nilizihesabu, nilizifunga kwenye gazeti moja moja kama mayai. Zimerudi 7. Nikasema haya, ajali. Kuzifungua, ya saba SI YANGU. Kwa hiyo zimerudi 6 na mgeni mmoja. Nikimuuliza aliyeazima ananiambia "ila hii ni nzuri zaidi." Ni nzuri zaidi! Hilo ndilo linaniuma, kweli ni nzuri zaidi!

SinaDeni

Kuazima vitu ndiyo mada kubwa. Ngazi yangu ina mwaka wa tatu kwa mtu. Kila nikipita naiona imeegemea ukuta wake, ananipungia mkono akiwa juu yake.

mama_wawili

Sufuria. Nasema neno moja tu. Sufuria. Ilirudi bila mfuniko, naambiwa "haikuja na mfuniko." Mfuniko uko jikoni kwake umefunika sufuria yake, nimeuona kwa macho yangu, hata ukanitambua.

Chumvi Ukingoni

Chaja ya simu. Ilirudi fupi.

Nyundo_Baridi

IMERUDI FUPI VIPI?

Chumvi Ukingoni

Usiniulize. Ilikuwa mita mbili.

KijikoKirefu

Wakuu, hakuna hata mmoja aliyejibu kuhusu mkia wa ngozi. Niseme tena, alikuwa ameushika bila kuuosha kwa miaka sita. Sita. Na watu 10 wamekunywa.

Mchovu wa Zamani

GlasiSaba, hiyo glasi ngeni ikoje?

GlasiSaba

Nyembamba, mguu mrefu, mdomo mpana. Ina mstari wa dhahabu ukingoni.

Mchovu wa Zamani

Mstari umefutika upande mmoja?

GlasiSaba

Ndiyo...

Mchovu wa Zamani

Na kitakoni kuna ufa mdogo kama unywele?

GlasiSaba

Mkuu we ni nani?

Mchovu wa Zamani

Zilikuwa nne. Nimeitafuta tangu mwaka juzi. Mke wangu alisema nimeivunja nikaificha, nimelala sebuleni kwa ajili ya hiyo glasi. Tafadhali usiioshe kwa steliwaya. Njoo inbox.

mama_wawili

Jamani nimetokwa na machozi ya kweli.

MajiYaMtungi

Sasa hiyo ndiyo glasi yenye mguu. Mnaona raha yake?

Sheka Sheka

Mkipanga siku ya kuikabidhi mtuambie, tuje. Negroni atengeneze nani?

KijikoKirefu

Mimi sitengenezi kitu hadi tumalize suala la ufunguo.

GlasiSaba

Mkuu, ukitaka kuongelea funguo, fungua uzi wako.