Kukusanya vyura na mijusi vijijini huko Usambara, siku inakwendaje wakuu?

mgeni_wa_msitu:
Wakuu habari zenu, wiki ijayo naingia fildi Usambara Mashariki, vijiji vya kuzunguka msitu wa Amani, nakusanya vyura, mijusi na kinyonga wa utafiti wangu. Kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) ninacho, formalini ya kuhifadhia wanyama ninayo, ila sijawahi kulala kijijini na nyoka naogopa balaa. Siku nzima mnaipangaje?

Jembe Butu:
Karibu mdogo wangu. Formalini iache kwenye begi kwanza, nenda kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji na barua yako mkononi, maana mtu anayezunguka na tochi saa tano usiku akiokota vyura bila kuaga atajibu maswali magumu sana 😂. Mchana utapata kidogo, kagua ndoo zako za mtego ulizofukia ardhini (toboa matundu chini, mvua ikinyesha wanyama wanazama humo) na pindua magogo ila ukimaliza uyarudishe yalivyokuwa. Kazi yenyewe ni usiku. Kinyonga akilala anapauka, ukimmulika unamuona mweupee kwenye ncha ya tawi, mchana ungempita hapo hapo mara kumi. Halafu msaidizi wako wa kijijini anaweza kugoma kumshika, wengi wanaamini ni mkosi, usimlazimishe wala usimcheke.

binti wa wundanyi:
Mimi niko Taita upande wa Kenya. Watu wa shamba ndio wanajua kuliko sisi! Kuna mnyama hana miguu, ukimuona utasema mnyoo, kumbe ni wa ukoo wa vyura, Boulengerula, nyinyi huko Usambara pia mnao wa kwenu. Sisi tulimpata kwa mama mmoja aliyekuwa analima, jembe likageuza bonge la udongo na huyu hapa anajikunja, ngozi inateleza kama amepakwa mafuta. Wa kwetu utafiti wa 2006 ulionyesha watoto wanakula ngozi ya mama yao, inaota nene yenye mafuta kwa ajili yao. Huyo mama nilipomwambia akacheka akasema basi huyo ni mzazi kweli.

mgeni_wa_msitu:
Asante dada, hiyo sikuijua kabisa. Na nyoka je?

Jembe Butu:
Buti ndefu, fimbo yenye ndoano, na usiingize mkono kwenye shimo. Ukiona kijiti chembamba kimetulia tuli kwenye kichaka kiangalie mara mbili, kuna nyoka anaitwa Thelotornis huko, sumu yake inafanya damu isigande na dawa yake maalumu haipo. Huyo mpige picha tu. Na watoto usiwaahidi hela kwa kila mnyama, mimi nilifanya hivyo siku ya kwanza, jioni nikaletewa kifutu kwenye kopo la rangi, mfuniko umefungwa kwa kamba ya katani na dogo anatabasamu anasubiri mia tano yake.

mgeni_wa_msitu:
Mkuu ulimlipa??

Jembe Butu:
Nililipa, ningefanyaje sasa, na mama yake akaja kunifokea mpaka saa mbili usiku.