Players Era wanatoa dola milioni kwa kila timu ya chuo, hivi hiyo hela inamfikia mchezaji kweli?

Kiwiko_wa_Upanga

Wakuu salama? Wale wa kikapu njooni hapa kidogo. Mwishoni mwa Novemba 2025 niliamka alfajiri kuangalia fainali ya Players Era, yale mashindano ya kikapu ya timu za vyuo Marekani, kule Las Vegas, Michigan wakaipiga Gonzaga 101 kwa 61, kipigo cha mbwa koko kabisa, ila kilichonitoa usingizi sio mechi, ni hela. Nikasomasoma nikakuta timu 18 zote za wanaume zinaondoka na milioni moja moja ya dola na bingwa anaongezewa milioni nyingine. Sasa hawa si wanafunzi? Sisi tumekua tunaambiwa mchezaji wa chuo Marekani akipokea hata viatu vya bure anafungiwa, leo imekuwaje?

Swali langu, hiyo hela anapewa nani, chuo au vijana wenyewe? Na ni kama kombe la mbuzi huku kwetu kwamba mkishinda mnachinja mnagawana hapohapo au kuna janja? Nauliza kwa sababu nina mpwa wangu yuko sekondari hukohuko kwa skolashipu ya kikapu, mwakani anaingia chuo, na dada yangu ameshaanza kupiga hesabu za kupaua nyumba.

Mchambuzi_Benchi

Mkuu hawachinji hapohapo. Sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, bado hazitaki mchezaji alipwe kwa sababu ya kushinda mechi, kwa hiyo waandaaji wanapitia mlango wa NIL, ile ruhusa iliyoanza Julai 1, 2021 ya mchezaji kuuza jina lake na picha yake. Kijana anasaini mkataba, anapigwa picha, anatokea kwenye matangazo, anaposti kwenye akaunti yake, ndo analipwa. Kwenye makaratasi kalipwa kwa tangazo, sio kwa danki. Kila mtu anajua wangeboronga uwanjani na kukosa mvuto wasingealikwa, lakini makaratasi yako safi na ndo yanayotakiwa.

Mwaka wa kwanza, 2024, zilikuwa timu 8 tu, kila moja ikapewa milioni, Oregon wakawapiga Alabama 83-81 kwenye fainali wakaongezewa laki tano. Sasa piga hesabu, milioni moja ukiigawa sawa kwa wachezaji 15 ni kama dola 66,000 kila mmoja, zaidi ya milioni 150 za kibongo kwa wiki moja ya Vegas. Ila nani kakwambia inagawiwa sawa? Staa anakula nyama, yule wa mwisho benchi analamba mchuzi. Mgao unategemea mikataba iliyosainiwa na makubaliano ya ndani ya timu, na hayo hayatangazwi.

Kuna lingine la Aprili linaitwa College Basketball Crown, lilianza 2025, hapohapo Vegas, kwa zile timu zilizokosa March Madness, yale mashindano makubwa ya ubingwa wa vyuo. Nebraska waliwafunga UCF 77-66 wakachukua 300,000, UCF 100,000, na waliotolewa nusu fainali 50,000 kila timu. Nayo inapita kwa NIL hivyohivyo, ila angalau hapo ukitoka mapema unarudi mikono mitupu, ina harufu ya mashindano.

mkongwe77

Mimi nasema wazi hii kitu inaua kikapu cha vyuo. Zamani wiki hiyo ilikuwa ya Maui Invitational, visiwani Hawaii, ka-ukumbi kadogo watu wamebanana, na mashindano yenyewe yalizaliwa kwa sababu ka-chuo kadogo ka hukohuko Chaminade kaliwafunga Virginia ya Ralph Sampson Desemba 1982, Virginia wakiwa namba moja nchi nzima, miaka miwili baadaye 1984 wakaanzisha hiyo Maui. Hicho ndo kilikuwa kikapu. Sasa hivi vigogo wanakimbilia Vegas kwenye hela, Maui inaachiwa makombo. Halafu ule mfumo wa Players Era wa kuingia fainali kwa tofauti ya pointi, mtu anaongoza kwa 30 bado anarusha mipira ya pointi tatu dakika ya mwisho kama anadaiwa kodi ya nyumba. Kijana wa miaka 19 ukimpa mshiko wa namna hiyo darasani atafata nini?

Bi_Ribaundi

mkongwe77 shikamoo, lakini hapo sikubaliani na wewe hata kidogo. Hela kwenye kikapu cha vyuo haikuja na NIL, ilikuwepo siku zote ila ilikuwa inapita juu ya vichwa vya wachezaji. Haki za kuonyesha March Madness kampuni za TV za CBS na Turner walinunua kwa dola bilioni 10.8 mwaka 2010, wakaongeza nyingine bilioni 8.8 kufika 2032. Makocha wanalipwa mamilioni. Mchezaji akipewa chumba, ada na chakula anaambiwa ashukuru, na hata hicho chakula kilikuwa na mipaka! Shabazz Napier, mchezaji wa UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, mwaka 2014, yuko njiani kuchukua ubingwa wa nchi, anawaambia waandishi wa habari kuna usiku analala njaa. Siku chache baadaye NCAA wakapitisha kwamba wachezaji wale bila kikomo. Mpaka mtu aseme hadharani ana njaa.

Na UConn hiyohiyo ndo alipopita Hasheem Thabeet wetu, kutoka Makongo Sekondari mpaka Connecticut, miaka mitatu, mara mbili mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo waliyokuwa wanacheza, 2009 akawafikisha Final Four, yaani nusu fainali ya March Madness. Watu walilipa viingilio kumwona yule mrefu wa Dar anafuta mipira hewani, jezi zinauzwa, TV inaonyesha. Yeye kwa sheria za wakati ule alikuwa na skolashipu basi. Bahati yake alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2009, pale timu za NBA zinapochagua vijana wapya, nyuma ya Blake Griffin, akapata mkataba wa NBA. Wale waliocheza naye ambao hawakufika NBA walibaki na nini cha miaka ile? Kwa hiyo mzee wangu usinililie kuhusu Maui.

mkongwe77

Marahaba binti. La chakula sikupingi. La kurusha tatu ukiongoza kwa 30 bado napinga.

LexKatanga

Bandugu jambo. Miye niko Lexington, Kentucky, huku Wakongomani tuko wengi mpaka Kiswahili unakisikia dukani. Kiwiko, naona bote wanakujibu kuhusu milioni lakini swali la mpwa wako halijajibiwa. Huyo mtoto ana viza gani? Kama ni F-1 ya wanafunzi, na karibu wachezaji wote wanaotoka nje wako nayo, basi hiyo NIL unayoiona kwa wenzake kwake ni moto wa kuangalia kwa mbali. F-1 hairuhusu kufanya kazi nje ya chuo bila kibali, na kupiga tangazo la duka la magari ni kazi. Akikosea, hafungiwi mechi mbili, anapoteza viza.

Mfano uko hapahapa. Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, msimu wa 2021-22 alikuwa mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima, pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa mechi, namba za ribaundi ambazo watu walikuwa hawajaziona miaka na miaka. Mji mzima unamtaka kwenye mabango, na hawezi kupiga hata tangazo moja akiwa ndani ya Marekani. Walifanyaje? Agosti 2022 Kentucky walienda Bahamas kucheza mechi za kirafiki, na hukohuko nje ya mipaka ndo Oscar akafanya kazi yote, picha, video, kusaini vitu, siku nzima hotelini anabadilisha nguo. Magazeti yaliripoti kama nusu milioni ya dola. Mtu anavuka bahari ili auze sura yake mwenyewe! Wenzake wazaliwa wa hapa walikuwa wanafanya hivyohivyo kwenye maegesho ya chuo.

Sasa rudi Las Vegas. Vegas iko ndani ya Marekani. Timu ikilipwa ili vijana watangaze mashindano, wale wa F-1 wanasimama wapi? Kila chuo kina wanasheria wake na kila mwanasheria ana jibu lake. Wengine wanasema mapato ambayo mchezaji hafanyi kitu, mfano jezi yenye jina lake inauzwa yeye amelala, hayo yanapita. Wengine wanasema hapana usiguse.

Kiwiko_wa_Upanga

Aisee LexKatanga umenipa maji ya baridi. Ndio, F-1, nimeuliza sasa hivi kwa dada. Sasa kuna mtu alimwambia mpwa kwamba kuanzia 2025 vyuo vyenyewe vinalipa wachezaji moja kwa moja, sio NIL tena, mshahara kabisa. Hiyo nayo haimhusu?

Mchambuzi_Benchi

Hiyo ni kesi ya House, wanamichezo waliishtaki NCAA wakidai malipo. Jaji Claudia Wilken aliupitisha muafaka wake Juni 6, 2025, vyuo vikaanza kulipa Julai 1. Kila chuo kilichojiunga kinaweza kugawia wanamichezo wake mpaka dola milioni 20.5 kwa mwaka huo wa kwanza, michezo yote kwa pamoja, na futiboli yao ya helmeti ndo inakomba sehemu kubwa, kikapu cha wanaume kinafuata kwa mbali, wengine wote chenji. Kuna na fidia kama bilioni 2.8 kwa wale wa zamani waliokosa, italipwa kwa miaka kumi. Mshahara sio, hawajatambuliwa kama waajiriwa, bado wanaita malipo ya jina na picha.

Na hapo ndo utaelewa kwa nini Players Era imekuwa tamu ghafla. Ile 20.5 ni kikomo cha hela ya chuo. Hela ya mtu wa nje, kama mkataba ni wa biashara ya kweli, haihesabiwi humo, ila ikifika dola 600 inabidi itangazwe na ipite kwenye mfumo wao wa ukaguzi unaitwa NIL Go. Kocha anayetafuta staa wa kikapu huku futiboli imeshakomba bajeti anaona milioni ya Vegas kama mvua ya kiangazi. Ndo maana wanakubali kwenda kukaa wiki nzima kwenye kasino.

Kuhusu F-1, vyuo vingine vinawalipa hao wa nje kwa hoja kwamba malipo ya chuo ni ya haki ya picha, hafanyi kazi yoyote. Vingine vinaogopa. Mpaka 2025 serikali haikuwa imetoa mwongozo unaosema ndio au hapana.

Bi_Ribaundi

Naongezea moja ambalo vijana wengi linawakuta. Hii hela hailipwi kama mshahara uliokatwa kodi, inakuja nzima nzima na TRA yao, wale wakusanya kodi, inakusubiri mwaka unaofuata. Kijana anapata 60,000 ananunua gari, anatuma nyumbani, Aprili anadaiwa na hana kitu. Mwambieni dada asipaue na hela ya kodi.

Halafu mbona hamjataja wanawake? 2025 Vegas walicheza pia, timu nne tu, UCLA, Duke, South Carolina na Texas, Texas wakashinda fainali 66-64 dhidi ya South Carolina. Mechi bora kuliko hiyo ya Michigan mara kumi, na hamna mwenye kunibishia.

LexKatanga

Kiwiko, kitu cha kufanya. Kabla mtoto hajasaini na chuo chochote, aulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo hicho, sio kocha. Kocha atasema tutapanga. Aulize kwa maandishi, mchezaji wa F-1 mnamlipa au hamumlipi, na timu ikienda mashindano kama ya Vegas yeye fungu lake linakuwaje, je, kuna safari ya nje ya nchi ambayo wanaweza kufanyia kazi ya picha kama ya Oscar. Majibu waweke kwenye barua pepe. Na wakala yeyote atakayempigia simu akisema viza hana shida nayo, akate simu.

Kiwiko_wa_Upanga

Asante sana wakuu, nimemtumia dada uzi huu wote kasema kwanza anataka kujua kama kupaua kunaweza kusubiri mpaka apate green kadi. Nimemwambia hiyo ni mada nyingine.

mkongwe77

Huyo mpwa ana urefu gani?

Kiwiko_wa_Upanga

Futi 6 na inchi 9 mkuu, na mama yake anasema suruali za Desemba hazimtoshi tena.

mkongwe77

Basi apigiwe simu na Maui.